Siku Nne za Kipupwe Newala: Tathmini ya Nyumba ya Wageni Ukingoni mwa Genge

Blanketi la pili, ambalo tuliahidiwa kwa simu wiki mbili kabla ya safari, lilifika chumbani saa nne na nusu usiku, wakati mama mkwe wangu alikwisha kuvaa magauni mawili, koti la mume wangu na kitenge kichwani, na kutangaza kwamba yeye alizaliwa Mikindani, akalelewa Mikindani, na hadaiwi chochote na baridi ya Newala. Naanzia hapo kwa makusudi. Nyumba ya wageni inayowaita watu wa pwani wapande uwandani mwezi Julai huwa inauza kitu kimoja tu, nacho ni baridi; vitanda, chakula na matembezi ni vya kuisindikiza. Kwa hiyo kipimo changu katika tathmini hii ni kuona mwenye nyumba anaijua baridi yake kwa kiasi gani: inaingilia wapi, inafika saa ngapi, inamuuma nani zaidi, na yeye anaifanyia nini. Kwa kipimo hicho nyumba hii ilianguka vibaya usiku wa kwanza, kisha ikajirekebisha kwa namna ambayo sijaiona hata katika nyumba zinazotoza mara mbili ya bei yake. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa baadhi ya dosari nitakazozieleza huenda zimekwisha kuondolewa, na mwenye nyumba ni mtu aliyenisikiliza.

Tulikuwa watu sita: mimi, mume wangu, mama yake mzazi, na watoto wetu Salumu mwenye miaka 13, Rehema mwenye miaka 9 na Hashimu mwenye miaka 4. Kwetu Mtwara mjini kipupwe si jambo la kutisha. Usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 20, kiwango ambacho mtu wa Mbeya au Njombe angekiona ni cha kutembelea na shati la mikono mifupi, lakini sisi tuliozoea jasho la Februari tunakihesabu kuwa baridi kamili. Waendesha bodaboda huvaa makoti yaliyofungwa hadi shingoni, watoto hugoma kuoga asubuhi mpaka maji yapashwe moto, na upepo wa kusi huichafua bahari kiasi kwamba wavuvi wa vyombo vidogo hushinda pwani siku nyingi, na bei ya samaki sokoni hupanda. Nyumbani kwangu msimu huo una ratiba yake: uji wa mtama badala ya chai, dirisha la upande wa bahari kufungwa mapema jioni, na watoto watatu kugombea kigoda kimoja kilicho karibu na jiko uani. Mwaka juzi, wakati kama huo, tuliwapeleka Msimbati, katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi iliyoanzishwa mwaka 2000. Pwani ilikuwa nzuri kama kawaida yake, lakini kusi ilipeperusha mchanga mpaka ukaingia kwenye wali. Mwaka huu mume wangu akasema kwamba kama ni baridi, basi tuifuate inakokaa.

Safari nitaipita haraka. Kutoka Mtwara hadi Newala kwa njia ya Tandahimba ni takribani kilomita 140. Lami ni ya uhakika hadi Mnivata, kama kilomita 50 hivi, na baada ya hapo ujenzi ulikuwa ukiendelea, kwa hiyo basi letu dogo liliingia na kutoka katika njia za mchepuko zenye vumbi jekundu ambalo lilitufuata hadi ndani ya masanduku. Tulitumia saa tano. Anayekwenda na mzee au mtoto mchanga achukue kanga ya ziada ya kufunika pua, na nguo za usiku azifunge katika mfuko wa plastiki. Salumu, ambaye amesoma jiografia mwaka huu na hataki tusahau, alitukumbusha njiani kwamba uwanda wa Makonde unapofika Newala uko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kila unapopanda mita 100 joto hupungua zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Tulipofanya hesabu tukapata nyuzi nne pungufu ya nyumbani. Mama mkwe aliuliza kama hesabu hiyo imejumlisha upepo. Haikuwa imejumlisha.

Nyumba yenyewe ni ya matofali ya saruji, ina vyumba sita, na imejengwa karibu sana na ukingo, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na ardhi kuteremka kwenda bonde la Mto Ruvuma. Hashimu, ambaye genge analolijua ni lile la nyanya na vitunguu mtaani kwetu, alipoambiwa kwamba chumba chetu kinatazama genge aliuliza genge hilo linauza nini. Jibu alilipata asubuhi. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe uliotulia kama maziwa kwenye bakuli, na ng'ambo yake, mbali sana, vilima vya Msumbiji vilianza kujitokeza kimoja kimoja kadiri jua lilivyopanda. Nimeishi mkoa huu maisha yangu yote na sikuwahi kuliona jambo hilo. Nadhani wengi wetu wa pwani huijua Newala kwa korosho zake zinazoshuka bandarini, basi.

Lakini mandhari hiyo ndiyo iliyotuponza usiku. Vyumba viwili tulivyopewa vilikuwa vya upande wa genge, ambao ndio unaopendwa na wageni kwa sababu ya picha, na ndio upepo unakoanzia. Madirisha ni ya wavu wa chuma yenye mbao za kufungia kwa ndani, na katika chumba cha watoto ubao mmoja ulikuwa umepinda ukaacha mwanya wa upana wa vidole viwili. Kwa mchana mwanya huo ni hewa safi. Saa saba ya usiku ni filimbi. Tuliuziba kwa kanga, kanga ikadondoka, tukauziba tena kwa soksi za Salumu. Vitanda vilikuwa vizuri na vyandarua vizima, ila kila kitanda kilikuwa na blanketi moja jembamba, na godoro lilikuwa juu ya chaga zilizoachana, hivyo baridi ilipanda kutoka chini kwenye sakafu ya saruji na kupenya mgongoni hata kwa aliyejifunika vizuri kwa juu. Rehema alilala na viatu. Hilo la blanketi ndilo ninalolilaumu zaidi, kwa sababu niliuliza kwa simu, nikaambiwa mawili kila kitanda, nami kwa imani hiyo niliacha nyumbani mablanketi yangu mazito ambayo yangeingia ndani ya basi bila taabu. Kijana wa zamu alieleza kwamba mengine yamefuliwa na hayajakauka. Katika kipupwe, penye ukungu hadi saa tatu asubuhi, blanketi zito huchukua siku mbili kukauka. Nyumba ya wageni ya Newala inapaswa kulijua hilo kuliko mteja.

Asubuhi mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa msibani usiku ule, alikuja mwenyewe. Watoto walimwamkia, akawaitikia "Marahaba, wajukuu zangu," kisha hakuanza na maneno ya kujitetea. Aliingia chumbani, akapitisha kiganja ukutani na kwenye fremu ya dirisha kama fundi anayetafuta bomba linalovuja, akainama akatazama chini ya kitanda, ndipo akasema, "Pole, Mama Salumu. Mmelazwa mdomoni mwa upepo." Kabla ya saa nne alikuwa ametuhamishia vyumba vya upande wa mikorosho, ambavyo havina mandhari yoyote zaidi ya majani na kuku, lakini vina ukuta wa miti unaokata upepo. Juu ya chaga aliweka magunia matupu, juu ya magunia mkeka wa ukindu, kisha ndipo godoro. Blanketi za kutandika alizianika mapema kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, na akaagiza ziingizwe ndani saa kumi, kabla umande haujaanza. "Ukizitoa saa kumi na mbili," alimwambia kijana wake mbele yetu, "umemtandikia mgeni maji." Usiku wa pili na wa tatu tulilala hadi jogoo akachoka kuwika. Mama mkwe alirudisha koti la mwanawe.

Jambo jingine linalompa mama huyo alama za juu ni namna anavyousimamia moto. Uani kuna banda lenye ukuta wa nusu kimo pande tatu, na humo huwashwa moto kila siku kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa kuni za matawi yaliyopogolewa kwenye mikorosho. Wageni huketi kwenye vigoda na mikeka, chai ya tangawizi haikatiki, na kuni hazilipiwi. Familia moja iliyokuwa na mtoto mchanga iliomba iingiziwe jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Alikataa kabisa. Aliwaeleza kwa upole lakini bila kuyumba kwamba mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu asiamke, kisha akawapa blanketi la tatu na kuwahamishia chumba kilichopakana na jiko. Nimewahi kulala katika nyumba ambayo mhudumu mwenyewe ndiye aliyeniletea jiko la mkaa chumbani kama zawadi ya ukarimu, kwa hiyo namshukuru anayejua kukataa.

Kwenye moto huo ndipo familia yangu ilipoishi hasa. Nyumbani, jioni zetu zina televisheni, simu ya baba yao, na mimi nikiita majina matatu mara tatu tatu ili watu waje mezani. Pale mtandao ulikuwa wa kubahatisha na giza liliingia mapema, basi mama mkwe akajikuta ndiye burudani. Alianza na "Kitendawili!" na kundi zima la watoto, wa kwetu na wa wageni wengine, likaitikia "Tega!" Alipotega "Kuku wangu katagia mibani," mtoto mmoja wa Dar es Salaam alijibu mfululizo nyoka, nungunungu na waya wa umeme, akashindwa, akatakiwa kutoa mji, akauliza mji ni wa kumpa nani. Bibi alipopewa Lindi, alimwambia jibu ni nanasi, naye akasema si haki kwa sababu kwao nanasi huja limekatwa. Nimekuwa mkwe wa mama huyu miaka 15 na sikujua kwamba ana vitendawili vingi kiasi hicho.

Usiku wa pili tulisikia ngoma kutoka upande wa vijijini, na zilidumu hadi alfajiri. Julai ni msimu ambao mavuno yamekwisha ingia ghalani, na katika sehemu nyingi za Wamakonde ndio wakati wa jando na unyago. Mgeni mmoja alitaka apelekwe akapige picha. Mwenye nyumba alimwambia kwamba ngoma za sherehe ya kutoka, watoto wanaporudishwa nyumbani, akialikwa ataziona hadharani, lakini hizo za usiku si za kuchungulia. Nalitaja hili kwa sababu zipo kampuni za matembezi ambazo kwa fedha zingempeleka.

Sasa maji. Anayetaka bafu la maji moto yanayotiririka asiende. Maji ya kuoga hupashwa kwa kuni kwenye pipa, na kila mgeni hupata ndoo moja asubuhi na nyingine jioni kwa atakayeomba kabla ya saa kumi na moja. Siku ya kwanza niliona ni ubahili, kisha nikatazama kisima cha kuvunia maji ya mvua kilicho chini ya paa la nyumba na nikaelewa. Udongo wa uwanda huu ni wa kichanga, hunywa mvua yote na kuishusha hadi chini, maji yakaja kutokeza kwenye chemchemi za mabondeni. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika kuhusu umbali ambao watu walikuwa wakitembea kufuata maji, na mradi wa maji wa Makonde ulioanza enzi za ukoloni ulibuniwa kwa tatizo hilohilo. Maji ya bomba yapo mjini siku hizi, lakini hayatoki kila siku, na mwenye nyumba hununua ya kujazia anapopungukiwa. Ndoo moja ya moto iliyochanganywa vizuri inatosha mtu mzima. Hashimu na Rehema waliogeshwa kwa ndoo moja wote wawili na bado yakabaki ya kumwagia miguu ya Salumu, ambayo iliyahitaji.

Matembezi makubwa ni ya kuteremka genge. Gharama ni shilingi 30,000 kwa kundi zima na kiongozi mmoja, na hapa nina malalamiko na sifa kwa wakati mmoja. Malalamiko ni kwamba tulipangiwa kuondoka saa moja na nusu asubuhi, na kiongozi akafika saa tatu kasoro kumi. Mtu wa pwani anaweza kudhani saa moja na dakika ishirini si kitu, lakini kipupwe cha juu si kipupwe cha bondeni. Tuliondoka tumevaa masweta na mizula. Nusu ya njia tulikuwa tumeyafunga viunoni, na tulipofika chini jua lilikuwa linawaka kama la Mtwara mwezi wa kumi, hivyo kupanda kurudi tulikufanya katikati ya joto ambalo kama tungewahi tungelikwepa kabisa. Kuteremka kulichukua karibu saa mbili, kwa mwendo wa Rehema, na kupanda saa tatu. Mama mkwe na Hashimu walibaki juu wakimenya mbaazi mbichi na mwenye nyumba, kazi ambayo Hashimu aliifanya kwa kula moja na kuweka moja.

Sifa ni kwamba kijana yule, alipofika, alijua kazi yake. Alimtanguliza Rehema ili mwendo wa kundi uwe wake yeye, akatukatia fimbo kila mmoja, na kila tulipopumzika alituambia tusikae mahali penye upepo na jasho mgongoni. Alituonyesha tofauti ya ardhi kwa kuishika: mchanga mwekundu juu, kisha udongo mzito unaonata kadiri tunavyoteremka, kisha tope lenyewe penye chemchemi. Hapo chini tuliwakuta akina mama wakichota. Salumu, kwa kutaka kuonekana mwanaume, aliomba kumpokea mmoja wao dumu la lita 20 hadi kona ya kwanza ya mlima. Dumu hilo ni kilo 20 na kona ya kwanza haikuwa karibu. Alifika nalo, sina ubishi, lakini mama mwenye dumu alipolipokea akalitwisha kichwani na kuendelea na mazungumzo yake na wenzake bila kushika kwa mkono, mwanangu alinyamaza kwa muda mrefu sana. Tangu turudi hajaacha bomba la uani likichuruzika hata mara moja. Kwa familia yenye watoto wa umri wa Rehema kwenda juu, matembezi haya ni mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyalipia, mradi muondoke mapema. Chini ya umri huo abaki juu, au awepo mtu mwenye mgongo imara na mbeleko.

Asubuhi ya tatu ilitakiwa iwe ya kutembea kwenye mashamba ya mikorosho, na mwenye nyumba aliisogeza hadi saa tisa alasiri kwa uamuzi wake. Alfajiri tulikwisha kuamshwa na ngurumo za mashine shambani, na tulipotazama nje tukaona vumbi la manjano likielea kati ya miti. Ni salfa. Mikorosho huanza kuchanua kipindi hiki, na usiku wa baridi wenye umande ndio unaoupa nguvu ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua, kwa hiyo wakulima hupuliza salfa alfajiri, wakati upepo haujaamka na majani yangali na unyevu wa kuishika. Baridi ileile tuliyoifuata sisi kama burudani, wao wanapambana nayo kwa fedha. Salfa huwasha macho na kifua, na Rehema ana pumu kidogo. Sikuwa nimemwambia mwenye nyumba kuhusu pumu. Alimsikia akikohoa karibu na moto jioni iliyotangulia, akaniuliza, nikamweleza, basi. Ninapotoa alama za huduma, kikohozi kile kilichosikika kina uzito kuliko blanketi lile lililochelewa. Hata hivyo, anayekwenda Julai na mtoto mwenye matatizo ya kifua aseme mapema, achague vyumba vilivyo mbali na shamba, na abebe dawa zake, kwa sababu vyumba vya upande wa mikorosho vinavyokinga upepo ndivyo vilivyo karibu na salfa. Sisi tulifunga mbao za madirisha hadi saa tatu na hatukupata shida.

Alasiri hiyo ilikuwa ya kuchimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, kwa shilingi 15,000 za ziada. Watu wa Mtwara na Lindi hatuhitaji kuelezwa ming'oko ni nini, kwani tunainunua imechemshwa, kwa mafungu, barabarani na vituo vya mabasi, tukaimenya na kuila kwa chumvi na pilipili. Lakini kati ya sisi sita ni mama mkwe peke yake aliyewahi kuichimba, tena utotoni. Huo mzizi hauoti shambani kama muhogo. Unautafuta porini, unaifuata kamba yake iliyokauka kati ya majani, kisha unachimba kwa mti uliochongwa ncha, taratibu, kwa sababu ukiwa na haraka unaukata na nusu yake inabaki chini. Shimo la kwanza liliingia mkono wangu hadi begani kabla hatujapata kitu. Watoto walifanya kazi ya saa nzima bila kugombana, muujiza ambao peke yake ningeulipia shilingi 15,000. Tulirudi na ming'oko 14, Rehema alihesabu, ikachemshwa jioni hiyohiyo na kuliwa kwenye moto. Sitabishana tena na muuzaji kuhusu ukubwa wa fungu.

Boma la zamani tulilipitia kwa muda mfupi tu, njiani tukielekea Shimo la Mungu, mahali penye mandhari ya genge ambapo wenyeji huwapeleka wageni wao. Kiongozi alijua kwamba Wareno walivuka Ruvuma na kuiteka Newala mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwamba Wajerumani waliwatoa kabla mwaka huo haujaisha. Zaidi ya hapo alituachia tutazame wenyewe. Shimo la Mungu lenyewe halina uzio. Mume wangu alimshika Hashimu mkono muda wote, na nashauri kila mtoto wa umri huo ashikwe na mtu mzima asiye na simu mkononi.

Chakula ni cha nyumbani na si kingi cha kuchagua. Kifungua kinywa kimo ndani ya bei ya chumba: uji, chai, mihogo ya kuchemsha au maandazi. Chakula cha jioni ni shilingi 7,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga, kuku wa kienyeji, na mbaazi za nazi ambazo, nakiri kwa shingo upande mbele ya mama mkwe, zilikuwa bora kuliko zangu. Samaki hapo ni wakavu, na hilo ni sawa. Aliyetoka Mtwara hakwendi Newala kula changu. Siku ya pili chakula kilichelewa hadi saa tatu usiku kwa sababu kuni zilikuwa na unyevu, na katika saa hiyo ya kungoja mtu alileta korosho ghafi akazichoma pembezoni mwa uani, mbali na watoto, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi na moshi wake huwasha, kisha tukazibangua zikiwa za moto. Kuchelewa huko sikukuhesabu.

Mimi ni mhasibu kwa kazi, kwa hiyo hesabu yangu hii hapa. Vyumba viwili kwa shilingi 35,000 kila kimoja, siku tatu za kulala, ni 210,000. Chakula cha jioni mara tatu ni 84,000. Matembezi ya genge na ya ming'oko ni 45,000. Jumla ni shilingi 339,000, bila nauli na chakula cha mchana tulichonunua mjini. Bili niliyoletewa ilisoma 349,500, kwa kuwa Hashimu alikuwa ametozwa chakula cha jioni cha mtoto siku zote tatu, ilhali tulikubaliana kwamba walio chini ya miaka mitano hawalipi. Nilipoonyesha, mwenye nyumba alifuta palepale na kumfungia Hashimu korosho kwenye karatasi. Stakabadhi niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono. Anayesafiri kwa fedha za ofisi aombe risiti ya mashine mapema asije akakwama.

Nyumba hii inawafaa watu wanaotaka watoto wao washinde nje na walale mapema, wanaoweza kuoga kwa ndoo, na ambao watapiga simu siku moja kabla ya kufika, si wiki mbili, kuuliza blanketi ziko wapi na kama zimekauka. Haimfai mzee mwenye magoti mabovu asiyependa kubaki nyuma wengine wakitembea, ingawa mama mkwe wangu, ambaye magoti yake ni mabovu, alipinga sentensi hii niliposoma rasimu kwa sauti. Haimfai pia anayesafiri kwa ajili ya picha tu, kwani atang'ang'ania vyumba vya upande wa genge na usiku atanikumbuka. Mtu mzima awe na sweta moja zito, soksi jozi mbili, mzula na raba zenye meno. Kila mtoto aongezewe suruali ya kulalia. Blanketi lako mwenyewe libebe hata ukiahidiwa matano.

Sisi tumekwisha kuomba vyumba vilevile vya upande wa mikorosho kwa likizo ya mwakani. Mwenye nyumba alimuuliza Salumu kwa simu kama bibi naye atakuja, maana watoto wa jirani wanaulizia vitendawili, na bibi, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye simu, akajibu kwa sauti kwamba atakuja endapo ubao wa dirisha umenyooshwa.